Asilimia 67

Kuna kikao kimoja cha mwisho wa mwezi mpaka leo nakikumbuka vizuri, tulikaa kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, la nyumba tuliyokuwa tunaikarabati pale Mkomani, Lamu, injinia katoka Nairobi na leptopu yake, mimi na kaunta buku yangu, na ajenda ilikuwa moja tu, fundi gani apunguzwe.

Mimi ndo nilikuwa naandika saa za watu. Fundi akiingia naandika, akitoka naandika, jioni ananitajia kazi alizofanya na kila moja ilimla saa ngapi. Rosta ilikuwa saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, toa saa moja ya chakula zabaki 8, Jumamosi 5, jumla 45 kwa wiki. Hesabu yenyewe ya kujua muda wa mtu umetumika kiasi gani si ngumu, wachukua saa za kazi zilizoandikwa unagawa kwa saa za rosta unazidisha kwa 100, basi. Mafundi wa mawe walikuwa watatu, kila mmoja kama 30 kwa 45, yaani asilimia 67. Injinia akasema watatu wakifanya kazi theluthi mbili ya muda ni sawa na wawili, kwa hiyo mmoja aende.

Iliniuma, maana wale watu nilikuwa nawaona. Yule mzee aliyekuwa anarudishia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, alikuwa anapitisha kidole pole pole kwenye ukingo kabla chokaa haijashika, akihisi pamezidi kidogo tu anakwangua anaanza upya, na hapo hujamsikia analalamika. Ni yeye aliyeniuliza wiki za mwanzo, "Mwanangu, hizi saa nimekaa hapa nangoja jiwe, waniandika wapi?" Kwa rosta ya injinia hakukuwa na mahali, lakini tangu siku ile nikawa naziandika pembeni mwa ukurasa kwa kalamu nyekundu.

Sasa nikamfungulia injinia zile kurasa. Kila fundi alikuwa na kama saa 9 za kungoja kwa wiki. 30 na 9 ni 39, zile 6 zilizobaki ni chai na sala ya Ijumaa, na hizo za Ijumaa kwa maoni yangu hazikufaa hata kuwekwa kwenye rosta, huwezi kumhesabia mtu saa ambazo mji mzima unajua yuko msikitini.

Akauliza wangoja nini. Nikamwambia mawe yatoka Maweni, ng'ambo kule Manda, na mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, nyumba kama ile huijazi tu matofali ya simiti upendavyo. Mashua yafuata maji kujaa na kupwa, na maji hayajui rosta, kila siku yachelewa kama dakika 50 kuliko jana, leo jiwe lipo asubuhi na mapema, wiki ijayo lafika adhuhuri. Lakini hata likishafika gatini kazi haijaisha kwa sababu vichochoro vyetu gari halipiti, kila jiwe lapanda kwa mgongo wa punda. Nikamgeuzia ukurasa wa wachukuzi. Saa 52 kwa rosta ile ile ya 45, karibu asilimia 116. Huo ukurasa hakuna aliyekuwa ameuuliza, maana namba ikiwa juu watu wanaona mambo ni mazuri, wakati pale ndo palikuwa pameziba, vijana wamechoka na punda mmoja ashapelekwa kule hospitali ya punda, ile iliyoko Lamu tangu 1987, ana kidonda mgongoni.

"Injinia, ukimtoa fundi mmoja, hawa wawili watangoja jiwe lile lile."

Hakunijibu. Alichukua kaunta buku akaanza kujumlisha mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, chai ikapoa, kisha akauliza jedwali la maji linapatikana wapi, nikamwambia lipo la bandari ya Kilindini, Mombasa, lakini nahodha wa mashua anayo yote kichwani, bamvua la maji makubwa lini, maji mafu yasiyojaa sana lini, muulize yeye.

Mafundi wakabaki watatu. Wakaongezwa wachukuzi na punda, mashua ikapangwa kwa maji, Ijumaa ikapunguzwa rosta ikawa 43, na taimshiti mpya ikaja imechapishwa safu ya kungoja kabisa, si ya pembeni tena. Mwezi uliofuata mafundi walikuwa 38 kwa 43, asilimia 88. Wachukuzi 46 kwa 43, bado 107, na siku ile ile nikamtumia injinia wasap kwamba hapo bado, waongezewe mtu mwingine.