Msiba katikati ya majina

Nakiri, sura za majina huwa naziruka. Fulani akamzaa fulani, macho yanateleza mpaka nifike penye hadithi. Mwaka huu nina ratiba ya kusoma Biblia nzima, na Mambo ya Nyakati wa Kwanza una sura 9 za majina matupu. Nikajiambia leo siruki kitu. Kikombe cha chai pembeni, nasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili.

Sura ya 7, mstari wa 21, ulimi ukakwama. Katika hesabu ya wana wa Efraimu, wawili wameuawa na watu wa Gathi kwa ajili ya ng'ombe. Ezeri na Eleadi. Halafu orodha inasimama kidogo: baba yao akaomboleza siku nyingi, ndugu zake wakaja kumfariji.

Jamani, hayo si matanga? Niliona mikeka kabisa, wazee wamekaa kimya, mtu anapitisha kahawa.

Baadaye anazaliwa mtoto mwingine, anaitwa Beria, kwa sababu ya mabaya yaliyoipata nyumba. Sisi tuna akina Shida na Tabu, tunaelewa. Kisha anatajwa binti, Sheera, aliyejenga miji: Beth-horoni ya chini na ya juu, na Uzen-sheera.

Chai ilipoa. Mimi nina kaka aliyefariki mdogo, hata picha hana. Nikafungua jalada la mbele la Biblia, nikaandika jina lake kwa kalamu ya wino.