Xaxa haikuwa ujinga

Juzi nimeikuta simu yangu ya kwanza, ile ya vitufe, chini kabisa ya boksi. Haiwaki tena, lakini dole gumba halijasahau. Kuandika "s" unabonyeza 7 mara nne. "X" ni 9 mara mbili tu. Nikakaa kitandani nikahesabu kama mtoto: "sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. "Sijui" ni 13, "cjui" ni 9.

Kumbe tulikuwa tunafanya hesabu! Walimu wetu walisema tunaiua lugha, sisi tulikuwa tunaokoa kidole na hela. SMS moja ilibeba herufi 160. Ya 161 ikikutoka, umelipia ujumbe wa pili. Friedhelm Hillebrand, Mjerumani aliyekuwamo katika kuupanga mfumo huo miaka ya 1980, aliandika sentensi za kawaida kwa taipureta, akahesabu herufi, akaona 160 zinatosha. Sidhani kama aliwahi kukutana na "hatukuwatayarishia". Herufi 18, neno moja.

Kwenye insha lakini niliandika "sasa". Karibu kila mara.

Mpwa wangu hana shida ya vitufe. Simu yake inammalizia neno kabla hajafika katikati, na bado anaandika "xaxa", kwa mbwembwe tu. Hilo halinisumbui. Kinachonikera ni "nime kuja" na "ana sema". Nilimtazama akichapa nikadhani nimempata mchawi: anagusa "ana" kwenye maneno yanayopendekezwa juu ya kibodi, simu inaruka nafasi yenyewe, naye anaendelea na "sema". Kiambishi kimekatwa na kitenzi chake, jicho linazoea. (Simu hiyohiyo ndiyo inayogeuza "kama" yangu kuwa "Karma", kwa hiyo mimi nayo hatupatani.)

Mwezi uliopita akanitumia insha niipitie. Kila mkato mahali pake. "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi..." Nikasoma hadi mwisho, nisimwone popote.

"Mjomba, hii umeandika wewe?"

"Nilisaidiwa kidogo, mjomba."

Kasaidiwa na programu ya akili mnemba, na hicho kidogo kilikuwa insha nzima. Sikugomba. Mimi ningekuwa na umri wake na chombo kile mkononi, sijui kama ningeshika kalamu.

Siku tatu baadaye ukaingia ujumbe kwa namba nisiyoijua:

"mjo n mm hii cm ya rafk yng. yng imedondokea ndoon nmeiweka kwny mchele mama hajui akiuliza mwambie naxoma"

Nilicheka peke yangu. Tahajia ovyo, nukta moja tu, lakini mtu yumo: ana siri, ana hofu, ana mpango, na mimi keshanitia kwenye kesi. Nikampigia, nikamwambia hiyo ndiyo insha. Aiandike kwa kalamu, asirudie kunakili safi, aniletee na alivyovifuta.

Akaleta ukurasa mmoja na nusu. "Ndoo ilio jaa" imo, nikaizungushia duara. Ila nilikaa zaidi kwenye mstari wa nne. Aliandika "Niliogopa sana", akaukata kwa mistari miwili, juu yake akabana kwa herufi ndogo: "Nilimsikia mama akikohoa sebuleni." Nilimuuliza kwa nini alibadilisha. Akainua mabega. "Ile ya kwanza kila mtu angeandika."

Kwenye skrini nisingeuona ule mstari uliokatwa. Angeufuta, ingebaki sentensi nzuri isiyo na historia.

Simu haikupona. Na dada yangu alijua jioni ileile, alipokwenda kupima mchele wa kupika.