Hizo tano nyingine

"Wifi, kanga tatu zinafunika kitanda kizima. Hizo tano nyingine unamshonea nani?"

Wifi alisema hivyo huku anacheka, nilipomwambia kitandiko cha viraka kinataka kanga nane, na waliokuwa barazani wakacheka naye. Harusi ya Pongwe imepita, Mama katoka hospitali, mvua zimeanza hapa Ngamiani, lakini mimi nimeganda palepale. Fundi akiulizwa "unamshonea nani", kila mtu Tanga anajua anaambiwa kwamba anaiba kitambaa. Nikajibu, "Utaona," na kuondoka.

Haya, aone. Kitanda ni futi 5 kwa 6, yaani sentimita 152 kwa 183. Cha kuning'inia ni 30 kila ubavu na 30 miguuni: 212 kwa 213. Kwa viraka vya 20, kumi havifiki, basi ni 11 kwa 11. Viraka 121, kitandiko cha 220 kwa 220.

Kiraka cha 20 hukatwa 22, maana mshono unakula sentimita 1 kila upande. Ukishona milimita 12 badala ya 10, kila kiraka kinapungua milimita 4. Ukifika cha 11 zimekwenda sentimita 4 na ushee, na mistari haikutani tena. Halafu wanalaumu cherehani.

Sasa kanga zenyewe. Zinafuliwa kwanza, maana nyingine huchuja rangi na nyingine hurudi, ndipo zinapimwa. Hizi zimetoka 150 kwa 110, pindo 15 pande zote, kwa hiyo mji, ile sehemu ya katikati, ni 120 kwa 80. Kwa eneo, mji una sentimita za mraba 9,600. Gawa kwa 484 za kiraka, unapata 19. Mezani hupati 19. Urefu unatoa 5, upana unatoa 3, jumla 15, na mabaki ni ukanda wa 10 na wa 14 usiotoa kiraka hata kimoja. Wa 14 nauacha upande wa jina, maneno yasikatwe.

Doti 4 ni kanga 8, viraka 120. Kimoja hakipo! Cha 121 nakitoa kwenye ncha ya kanga moja: ule ukanda wa 10 na pindo la 15 ni 25, panatosha. Ni hicho tu kitakachokuwa na pindo, na kwa kuwa 11 kwa 11 ina kitovu, mstari wa sita, kiraka cha sita, kitakaa hapohapo kama nilikusudia tangu mwanzo. Hapo hasira ikaanza kunitoka.

Na wifi, tuseme haki, hakukosea kuzidisha. Kitandiko ni mita za mraba 4.84, kanga 3 ni 4.95. Ila mapindo ya kanga 8 peke yake ni 5.52, makubwa kuliko kitandiko chenyewe, na mishono inameza mita 1 nyingine ambayo hakuna macho yataiona. Mapindo yaliyobaki namrudishia yote, yamefungwa kwenye mfuko. Foronya zitatoka humo. Bitana hajaiuliza bado. Kitambaa cha upana wa 150 hakifiki 220, lazima viungwe vipande viwili vya 2.25: mita 4 na nusu. Nasubiri.

Mama hajagusa chai tangu asubuhi. Anasema chungu, na sukari nimetia mimi mwenyewe.