Mkono wa kushoto, na maneno ya shemeji

Nilidhani nikilala litapita. Halijapita. Maneno aliyoyasema shemeji, mdogo wake Baba Watoto, Alhamisi usiku, timu yetu ya mpira wa Kimarekani ilipotangaza jina la mchezaji mpya, yananirudia nikiosha vyombo, yananirudia nikisubiri basi, na usiku wa jana yalinijia nikiwa namgeuza bibi mmoja kitandani kule kazini. Nayaandika hapa kwa sababu hapa ndipo ninapoyawekaga mambo yanayonikatalia usingizi.

Wiki yenyewe ilikuwa na makubwa kuliko haya: barua ya kupandisha kodi ya nyumba imefika, Baba Watoto amepewa njia mpya ya lori ya kupanda mpaka Ohio, na binti yetu mkubwa amekubaliwa chuo. La chuo nitaliandikia siku yake, linastahili. Leo acheni nitoe hili.

Mnajua nyumba hii ilivyoingia kwenye Falcons, timu ya hapa Atlanta. Mzee wa Chini, jirani yetu wa ghorofa ya chini, ndiye aliyetuingiza, mwaka ule ule wa 2017 tuliofika hapa Clarkston, kando ya Atlanta, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wakati yeye mwenyewe bado anaumwa na fainali ya Februari: Atlanta wanaongoza 28 kwa 3, wanakuja kufungwa 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Alikuwa akiwaeleza watoto sheria za mpira huu wa Kimarekani pale ngazini, na kila baada ya sheria mbili anarudi kwenye fainali hiyo. Mimi Kiingereza changu kilikuwa bado kichanga, lakini msiba naujua nikiuona. Tangu hapo ni timu yetu. Misimu mitatu, 2021 mpaka 2023, wameshinda saba na kufungwa kumi, saba na kumi, saba na kumi, na kila mwaka tumekaa nao mpaka mwisho.

Basi Alhamisi, tarehe 25 Aprili 2024, ilikuwa siku ya drafti, timu zinachagua vijana wa vyuoni kwa zamu. Ilifanyika Detroit, na runinga ilionyesha umati ambao sijawahi kuuona mahali pasipochezwa mechi, watu zaidi ya 275,000 wamesimama barabarani kusubiri majina. Mzee wa Chini alipanda na sinia la mabawa ya kuku, amevaa ile jezi yake namba 7 ya Michael Vick, mchezaji wetu wa zamani, iliyopauka shingoni. Shemeji alikuja moja kwa moja kutoka kiwandani, bado ana alama ya kofia ya nailoni kwenye paji la uso. Kitindamimba niliruhusu akae mpaka Falcons wachague, kisha alale, kesho yake shule.

Zamu yetu ilikuwa ya nane. Saba waliotangulia wote walikuwa wachezaji wa kushambulia, maana yake walinzi wa nchi nzima walikuwa bado mezani, hata mmoja hajachukuliwa. Na sisi shida yetu ni ulinzi, miaka mingi sasa hatuna mtu wa kumkimbiza kwotabeki wa wapinzani, yule anayerusha mipira, mpaka aogope. Mzee wa Chini alikuwa amesugua mikono tayari. Alikuwa akilitaja jina la Dallas Turner wa Alabama tangu Machi. Akatoka Roger Goodell, kamishna wa ligi, na kikaratasi chake: Michael Penix Jr., kwotabeki, chuo cha Washington.

Mzee wa Chini alivua kofia akaiweka gotini. Hakusema kitu kwa muda, kisha akasema hapana, akarudia hapana, akiiangalia runinga utadhani itabadilisha. Shemeji alipiga meza, glasi zikaruka. Akasema hii ni sawa na kumlipia binti mahari ng'ombe wote wa ukoo, kisha kabla harusi haijapoa unaleta mke mwingine ndani.

Na kwa kweli hapo sikuwa na cha kumpinga. Machi tu timu ilimsainisha Kirk Cousins, mkataba wa miaka minne unaoweza kufika dola milioni 180, milioni 100 kati yake zimehakikishwa. Mtu wa miaka 35, kano ya kisigino ilikatika Oktoba, na mji mzima ukaambiwa huyu ndiye, msimu huu tunaingia nao. Sasa wiki chache baadaye wanachukua kwotabeki mwingine, na si raundi ya tano, ni raundi ya kwanza, namba nane. Wakala wa Cousins alisema hawakujua mpaka dakika za mwisho, zamu ya Falcons imeshafika. Hilo mimi limenichoma. Mtu amehamisha mke na watoto kwa ajili yako, unamwambia saa imeshaanza kuhesabu?

Lakini siyo hilo lililonikosesha usingizi.

Watu wazima wakiwa katika hali hiyo, Kitindamimba aliruka kutoka kwenye zulia. Nyie mnaomjua mnajua haruki huyo, ni mtoto wa kukaa pembeni. Aliruka mikono juu.

"Ni mashoto! Mama, anarusha kwa mkono wangu!"

Shemeji, macho kwenye runinga: "Mkono huo hata ugali haushiki."

"Lakini Baba Mdogo, yeye ame—"

"Kaa chini. Mkono wa chooni unaupigia kelele mbele ya wageni?"

Mzee wa Chini aliuliza amesemaje. Hakuna aliyemtafsiria.

Mtoto akakaa. Na alivyokaa ndiyo picha ninayoiona: aliuingiza mkono wa kushoto chini ya paja, kiganja kikigusa zulia, akaukalia. Zamu ya tisa ikafika, Chicago Bears wakamchukua Rome Odunze, ambaye huko Washington ndiye aliyekuwa akizidaka pasi za Penix. Najua Kitindamimba alilijua hilo, kwa sababu wiki nzima alikuwa akinisomea majina hayo wakati wa chai. Marafiki wawili wa timu moja, wa nane na wa tisa, wamefuatana. Siku nyingine angetusimulia mpaka tumwombe anyamaze. Hakufungua mdomo. Alipoinuka kwenda kulala aliinuka kwa mkono wa kulia.

Nimeyarudia maneno yale kwa kila sauti. Nimejaribu kuyasikia kama utani, kwa sababu shemeji ni mtu wa utani, na kama angecheka hata kidogo ningemwachia. Hakucheka. Nimejaribu kuyasikia kama hasira ya mpira tu, ambayo ingemwangukia yeyote aliyekuwa karibu. Labda. Nimejiambia pia kwamba maneno yenyewe si mageni, mimi nimelelewa nayo, mama yangu hapokei hata sarafu kwa kushoto, na mezani kwangu watoto wote wanakula kwa kulia, huyu naye akiwemo. Adabu ya sahani naielewa na nitaendelea kuifundisha. Lakini mtoto hakuwa na sahani. Alikuwa amemwona mtu mzima, mwenye mkono kama wake, jina lake linasomwa mbele ya nchi nzima. Hicho ndicho alichokuwa anakishangilia, na kilidumu muda wa kuruka na kutua.

Na huyo Penix mwenyewe! Ijumaa nilisikiliza redio ndani ya basi, mashabiki wanapiga simu mmoja baada ya mwingine, wengine wanaongea kana kwamba kijana ameingia kwao dirishani usiku. Amefanya nini? Kule Indiana miaka minne mfululizo msimu wake ulikatizwa na jeraha, goti la kulia mara mbili, mabega mara mbili. Mtu wa kawaida angeenda kusomea kitu kingine. Yeye akahamia Washington, na msimu wa 2023 akarusha yadi 4,903, hakuna aliyemfikia chuo chochote, akaipeleka timu mpaka fainali ya Januari walipofungwa na Michigan 34 kwa 13. Mwezi Mei anatimiza miaka 24. Hakujichagua. Waliomchagua wana ofisi, wana majina, na meneja Terry Fontenot amesimama mwenyewe kusema kwamba hata akikaa benchi miaka minne au mitano kwao ni tatizo zuri. Basi hasira iende kwenye ofisi hiyo. Mimi nakubaliana na Mzee wa Chini kwamba tulihitaji mlinzi, na msimu ukianza na wapinzani wakawa wanarusha mipira wametulia kama wako mazoezini, nitalisema tena. Ila siku mtu anaitwa jina lake kwa mara ya kwanza, mji mzima kumshikia kichwa ni kumwonea.

Jumamosi nilimpigia Baba Watoto, alikuwa ameegesha lori mahali fulani Tennessee anakula. Nilimpa habari yote, na nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka amkanye mdogo wake, siku hiyo hiyo, kwa simu.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Mama Watoto, kwani wewe hujui? Huyo naye alikuwa mashoto."

Nikasema nani?

"Huyo huyo. Baba alikuwa akimfunga kitambaa mkono, asubuhi mpaka jioni. Mwalimu naye akampiga vidole. Aliacha akiwa na miaka saba, nane hivi."

Miaka yote hii. Nimempikia, nimemwona akijaza fomu za kazi mezani kwangu kwa yale maandishi yake makubwa yanayolala, kila herufi anaisukuma, nikidhani ni mtu asiyesoma sana. Nikaanza kuyakumbuka mengine, moja moja. Mpira wa kwetu anapiga kwa kushoto. Chupa anafungua kwa kushoto. Na Alhamisi ile meza aliipiga kwa mkono gani? Nimekaa nalitafuta hilo kichwani na silipati, kwa sababu nilikuwa nazitazama glasi.

Sijui hasira yangu nimeiweka wapi tangu hapo. Haijaisha, siwezi kusema imeisha. Ila sasa nikisikia "kaa chini," nasikia sauti ya mzee mwingine, baba mkwe ambaye sikumkuta, na mtoto wa miaka saba amefungwa kitambaa kule Uvira, Kongo. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia shemeji Jumapili baada ya ibada. Jumapili alikuja, akala, akakaza bawaba ya kabati langu la jikoni iliyokuwa inalegea. Bisibisi aliishika kwa kushoto, nikasimama na taulo la vyombo namwangalia mpaka akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna. Alikuwa na furaha, Ijumaa raundi ya pili timu ilimchukua Ruke Orhorhoro wa Clemson, mlinzi mnene mzaliwa wa Nigeria, na shemeji amemfanya ndugu wa ukoo tayari.

Bado nitamwambia. Nimeshaongea na Baba Watoto, akirudi kutoka Ohio tutakaa watatu, mtoto akiwa shuleni. Nitamwambia kwamba hayo maneno katika nyumba hii yamesemwa mara ya mwisho. Sitataja kitambaa. Akitaka kukitaja mwenyewe, atakitaja.

Mzee wa Chini naye, bila kuambiwa na mtu, Jumamosi jioni alimwita Kitindamimba kwenye maegesho wakarushiana mpira. Mzee magoti yake mabovu, kwa hiyo anasimama mahali pamoja, mtoto ndiye anayekimbilia ile inayopotea. Nilikuwa dirishani natoa nguo kwenye kamba. Alikuwa akimwambia habari za 2001, Falcons walipochukua wa kwanza kabisa kwenye drafti na wakamchukua Vick, mashoto, na mji huu ulivyokuwa Jumapili za miaka ile. Mtoto akamuuliza kama bado amekasirika kuhusu Penix. Akasema sana. Akasema atakuwa amekasirika mpaka Septemba. Lakini ni na wale wa ofisini, akasema, kijana kosa lake nini, na akamrudishia mpira: kiwiko juu kidogo, rusha tena.

Alirusha. Mpira ulizunguka vizuri mpaka ukagonga gari la jirani wa namba sita, ambaye mnajua alivyo, na hilo ni la wiki nyingine.

Sasa naandika nikiwa na simu mkononi kwa sababu ya mama. Ziwa limepanda. Mvua za mwaka huu zimelifanya Tanganyika lije mjini, Uvira, Kalemie, hata Bujumbura upande wa pili, na picha alizonituma mdogo wangu zinaonyesha maji yamefika kwenye ngazi ya nyumba ya mama, mtumbwi umefungwa pale tulipokuwa tukianikia dagaa. Nimemwambia ahamie juu, upande wa mlima, nitalipa chumba. Anasema ataondoka maji yakiingia chumbani, si kabla, kwa sababu nyumba ikibaki tupu itaibiwa milango. Tangu asubuhi ujumbe wangu una alama moja tu. Mdogo wangu naye hapatikani, labda umeme, labda mnara. Nina zamu saa moja usiku na kule ndani simu haturuhusiwi.