Ngazi

Jana kwenye feri ya Likoni kijana mmoja, fundi wa rangi, aliniomba nimshikie ngazi yake ya alumini afunge kamba za viatu. Nikaishika. Ilikuwa imepata jua, na viganja vikaanza kunitoka jasho kabla sijajua ninakumbuka nini. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, una nini?" Nikamwambia ni joto tu.

Ilikuwa Machi 2011, tangambili, pepo zinapobadilika, bahari shwari kabisa. Miaka ile sisi mabaharia tuliiogopa shwari kuliko upepo wa kusi, maana kusi likichafua maji vijiboti vya maharamia havitoki. Tulitoka Mombasa kuelekea kaskazini, na tulipofika mashariki ya Somalia, mbali na nchi kavu, meli yetu ilikuwa inatembea noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa. Boti ya faiba yenye injini nzuri inakimbia mara mbili ya hapo. Tulizungusha seng'enge ubavuni kote. Mipira ya zimamoto tuliifunga tezi, nyuma ya meli, ikamwaga maji nje usiku na mchana. Ovaroli kuukuu tulizijaza matambara tukazisimamisha dekini zionekane walinzi. Chini tulitenga chumba cha kujifungia, tukaweka maji, biskuti na redio. Tulifundishwa kwamba tukiingia tuingie sote, kwa sababu akibaki mmoja nje mikononi mwao, wanamaji hawathubutu kuvamia meli kuikomboa.

Saa moja asubuhi nilikuwa na darubini. Nikaiona boti nyuma yetu, upande wa kushoto, inakuja. Watu watano. Mvuvi hubeba nyavu, na hawa sikuwaonea wavu. Nilichoona ni ngazi, kama zile wanazopandia meli maharamia, imelazwa kutoka omo, mbele, mpaka katikati ya boti, ncha yake inang'aa juani.

"Ngazi!" nikapiga kelele. "Wana ngazi!"

King'ora kikalia. Kapteni akaanza kuikata meli kushoto na kulia ili mawimbi yake yawasumbue, na afisa wa pili akashika simu ya setilaiti kuwapigia Waingereza wa Dubai waliokuwa wakifuatilia meli za biashara. Wenzangu wakateremka ngazi za ndani mbio, nasikia buti zao kwenye chuma. Mimi niliambiwa nisiondoe macho pale mpaka niitwe.

Sikuondoa. Wakafika karibu hata nikaona rangi ya shati la yule aliyesimama, bluu iliyopauka. Aliinua dumu la njano, la lita 20, kama tunayotekea maji nyumbani. Akaligeuza mdomo chini. Halikutoka kitu. Akalitikisa, akalishusha, akaliinua tena. Hakukuwa na bunduki mikononi mwake. Ya wenzake sikuiona, lakini bunduki hulala chini ya turubai, nilijua hilo pia.

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Kapteni akauliza, "Bado wanakuja?" Nikajibu, "Bado wanakuja." Ilikuwa kweli.

Baada ya dakika chache wakapunguza mwendo, wakabaki nyuma, wakawa nukta. Tukakumbatiana. Mpishi alilia. Kapteni akanishika bega akasema macho yangu yameokoa watu 21.

Nimelelewa na wazee wa jahazi. Kwao, anayekuomba maji baharini humuulizi kabila wala dini, unampa kwanza. Sheria ya bahari nayo inamtaka nahodha amsaidie aliye hatarini. Lakini wakati ule mamia ya mabaharia walikuwa wameshikwa Somalia, na maharamia walikwisha kuvaa kila sura, ya wavuvi na ya wenye shida. Labda dumu lile lilikuwa mtego. Na watu wenye kiu ngazi ya nini? Swali hilo nimelishikilia miaka yote hii, na kuna usiku linanitosha.

Jioni ile afisa wa pili alinisomea alichoandika kwenye daftari la meli, nithibitishe. Boti moja, watu watano, ngazi moja. Nikasema ni sawa. Dumu halimo.