Mna shida?

Jumapili usiku. Baridi ya Isyesye, hapa Mbeya, mwezi huu mnaijua. Mkaa umeisha jikoni, yamebaki majivu ya moto, na mimi nimejifunika kitenge juu ya sweta nikihangaika na maneno mawili niliyoambiwa Jumanne. Nilidhani nikienda ibadani leo yatashuka. Nimeenda, nimerudi, bado yapo.

Kitanda kimeuzwa. Wale mliokuwa mnaniuliza, ndiyo, ile dabodeka ya wavulana, kitanda cha juu na chini. Nilishaandika jinsi chumba kilivyobaki kimya: Kaka, mwanangu mkubwa, yuko kambini JKT kwa mujibu wa sheria, Wa Pili ameripoti kidato cha tano huko Njombe, bweni, na Kitinda ana kitanda chake, hataki kusikia habari ya kulala "kwa wavulana". Ikawa kazi ya dabodeka ni kubeba nguo zinazosubiri pasi. Futi tatu na nusu kwa sita, mninga mtupu. Baba Watoto wakati ule alitaka tuchonge kwa mbao za msindano za Sao Hill kwa kuwa bei yake ni nafuu, nikamwambia wavulana wawili wataruka juu ya hiki kitu kila siku ya Mungu, tuchonge mninga hata kama ni kwa kudunduliza. Fundi wa Ilomba alituchongea, tukamlipa kwa miezi mitatu.

Nilipiga picha asubuhi, mwanga unapoingia dirishani, nikaweka kwenye gulio la mtandaoni na kwenye makundi mawili ya mnada ya WhatsApp. "Nauza kitanda cha dabodeka, 3½ kwa 6, mninga, hakijachezewa, bei 180,000, maongezi yapo. Nipo Mbeya mjini." Ndani ya saa moja simu ikawa haipumziki. Ipo? Bei ya mwisho? Upo wapi? Bei ya mwisho ngapi? Hakuna salamu. Watu walionizidi umri na walio sawa na wanangu, wote wananiamkia kwa "bei ya mwisho". Mmoja akasema yuko Dar, anamnunulia dada yake, hana haja ya kukiona, atatuma hela sasa hivi. Dakika tano ukaingia ujumbe kwamba nimepokea 180,000, salio langu jipya hili hapa. Nikautazama. Ujumbe wa M-Pesa huingia kwa jina la M-PESA, huu umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Nikabonyeza *150*00# nikaangalia salio, hamna kitu. Akaanza kunipigia eti gari la kubeba liko njiani, nilifungulie geti. Nikamfungia namba. Nawaandikia hili kwa sababu Mama Mkubwa alishapoteza kabati lake kwa mtindo huohuo, na alilia wiki nzima. Salio kwanza, geti baadaye.

Yule kijana wa Mbalizi alikuwa tofauti tangu ujumbe wa kwanza. Aliandika "Shikamoo. Kitanda bado kipo?" Tukaongea kwenye simu, nikateremka mpaka 150,000, akasema atakuja na guta Jumanne, siku inayofuata Sabasaba, akishalipwa.

Akaja saa kumi jioni. Ana kama miaka ishirini na miwili, sweta ya shule ambayo nembo imechomolewa uzi ukabaki alama, viatu vimejaa vumbi la ujenzi wa ile barabara ya njia nne. Mkononi ana kitambaa cha kanga kimefunga spana mbili, namba 13 na namba 17. Nilipenda hilo. Mtu aliyekuja na spana zake ni mtu aliyekusudia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu ndani." Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Akakikagua kitanda kama anayekagua ng'ombe mnadani. Akatikisa nguzo. Akahesabu chaga, za juu, za chini. Kisha akalala chali kitanda cha chini, kwenye mbao tupu, akawa anaangalia juu. Huko ndiko Wa Pili alikoandika jedwali la saba kwa kalamu ya wino, akiwa darasa la tatu, mstari mmoja kila chaga, ili alale anasoma. Saba mara nane aliandika 54, akaikata, akaandika 56 kwa herufi kubwa kuliko zote. Kijana akasoma yote kwa sauti ya chini mpaka saba mara kumi na mbili. Akasema, "Hii itawasaidia wadogo zangu." Nikacheka, moyo ukawa mweupe kabisa. Nikasema kimoyomoyo, kitanda kimepata mwenyewe.

Akainuka, akajipangusa magoti. Hakuniangalia usoni, aliangalia spana zake.

"Mama, samahani. Mna shida?"

"Shida ya nini?"

"Naulizia tu. Kama mna shida."

"Hatuna shida yoyote. Wewe umeona nini humu ndani mpaka uniulize shida?"

"Basi mama, nisamehe."

Halafu, kabla hata sijameza mate: "Mimi nina laki na ishirini."

Tulishakubaliana laki na nusu! Nikamwambia. Akasema guta ni elfu kumi na tano mpaka Mbalizi, na chaga mbili zina ufa, akanionyesha, na kweli zina ufa. Akanibana, sikutegemea mtu aliyevua viatu mlangoni anibane vile. Tukaishia 135,000. Akalipa, nikaona salio, akafungua nati moja moja kwa utulivu, wakapakia na mwenye guta, akaniaga kwa mikono miwili. Guta halijafika barabarani, jirani wa nyumba ya pili ameshaniandikia: "Kulikoni jirani, mnahama?"

Tangu hapo sijatulia. Napanga madumu ya dawa ya viazi dukani, nasikia "mna shida?" Napiga deki, nasikia "mna shida?" Nilikuwa naigeuza kila upande. Je, aliangalia makochi kwanza? Vitambaa nilikuwa nimevifua, vilikuwa kwenye kamba, makochi yalikuwa wazi. Je, ni kile kioo cha dirisha chenye gundi? Au ni mimi, nilivyovaa? Na kwa nini aseme samahani kwanza, kama hajui kwamba anachosema kinauma? Halafu jeuri ya kuniuliza shida na papo hapo kunipunguzia elfu thelathini. Kama ulidhani nina shida, unanibanaje?

Baba Watoto akaniambia nimelikuza. Labda. Lakini yeye hakulelewa kwetu. Mwaka 1996, baba alipopunguzwa kazi kiwandani, vitu vya ndani vilitoka kimoja kimoja, na havikutoka mchana. Redio ilitoka saa tatu usiku imefungwa kwenye shuka kama mgonjwa. Kabati la vioo lilisubiri mwezi uzame. Mama alikuwa anatuambia tukiulizwa shuleni tuseme redio iko kwa fundi. Nilisema iko kwa fundi miaka miwili. Kwa hiyo mtu anapoona kitanda kinatoka kwangu saa kumi jioni, jua linawaka, mimi mwenyewe nimesimama getini, nilitaka aelewe kwamba hii ni nyumba nyingine. Hiki kinatoka kwa sababu watoto wamekua. Nilijivunia hilo tangu asubuhi. Na yeye akaja akakigusa kidonda kilekile kwa maneno mawili.

Wiki yenyewe imekuwa ndefu. Shangazi amefanyiwa upasuaji wa jicho Hospitali ya Rufaa, anaendelea vizuri, na barua ya uhamisho wa Baba Watoto imetoka Alhamisi, ni Sumbawanga, nitaandika siku nyingine.

Ijumaa nikaamua kufagia kile chumba vizuri. Nikakunja jamvi. Chini yake, kwenye kona ilipokuwa nguzo ya nyuma, nati mbili ndefu na bolti zake, na washa zimeshikana kwa kutu. Moyo ukanilipuka. Zile ni za kuunganisha juu na chini. Bila zile kitanda cha juu kinasimama, lakini mtoto akigeuka usiku kinayumba, na siku moja kinakuja chini na aliye juu na aliye chini. Nikasahau hasira zote, nikapiga simu.

"Mwanangu, mmeshakifunga?"

"Tumefunga mama. Kuna pembe mbili tumekaza kwa kamba ya katani, nati hatukuziona."

"Ninazo mimi. Mtu asilale juu! Kuna anayelala juu?"

"Wanalala wote wawili chini mama, wanapishana miguu. Juu tumeweka mabegi."

Nikashusha pumzi. Nikamwambia nitampa konda wa daladala ya Mbalizi asubuhi, aje azichukue stendi. Akashukuru. Ingeishia hapo, lakini mdomo wangu ukawa umeshafunguka.

"Mwanangu, Jumanne mbona uliniuliza vile?"

Akajua mara moja ninazungumzia nini. Akanyamaza kidogo, nikasikia mtoto analia kwa nyuma, na jogoo.

"Ni mama alinituma. Alisema nikifika, kabla ya bei, niulize kwanza kama mna shida. Mkisema mna shida, nitoe mnachotaka kama ninacho, na kama sina niondoke. Kitanda cha mtu mwenye shida hakibanwi bei."

Sikujibu. Akaendelea, labda alidhani simu imekatika.

"Sisi cha kwetu kiliuzwa baba amelazwa. Yule aliyenunua alijua tumebanwa. Alikaa mlangoni mpaka mama akakubali elfu arobaini. Kwa hiyo mama hataki."

"Na mimi nikakuambia hatuna shida."

"Ndiyo mama. Ndiyo maana nikaomba upunguze."

Nimekaa kwenye chumba kitupu, nati mbili mkononi, kutu imenipaka kiganja. Yaani ule wote ulikuwa mpango uliopangika. Aliuliza ili ajue kama anaruhusiwa kunibana. Nikamjibu kwa ukali, naye akalipokea jibu langu kama lilivyo, akaniamini, akaomba apunguziwe. Elfu kumi na tano zile alizoninyang'anya zilikuwa heshima yake kwa neno langu. Nilichoweza kusema ni, "Mwambie mama yako namsalimia sana." Akasema mama yuko hapa, akampa simu. Sauti ya mama mtu mzima, imechoka lakini ina kicheko. Akasema kitanda kizuri, watoto wanakariri jedwali la saba kitandani. Akanishukuru. Ananishukuru mimi!

Siku nzima ya jana nilikuwa mwepesi. Konda akachukua elfu moja na kile kifurushi cha nati, jioni kijana akatuma picha: spana namba 17, pembe imekazwa, hakuna kamba. Nimeiangalia mara nyingi kuliko picha za Kaka na kombati. Nimehesabu, katika wote walioniandikia kuhusu kile kitanda, ni mmoja tu aliyeniuliza habari zangu mimi ninayeuza, na huyo ndiye niliyemfokea. Hapo ndipo pananiuma sasa, si kule kwa mwanzo. Ile "nisamehe" yake. Aliisema huku ameinamisha kichwa, kwenye nyumba ya watu, na hakuwa amekosa kitu.

Jumatano naenda Sae kuangalia friji ya mtu, maana yetu mnajua ilikokwishia. Tangazo limeandikwa "nauza haraka, bei ya kutupa". Zamani ningefurahi kuona neno haraka. Najua nitakachomuuliza kabla ya bei, ila nimejaribu kuitamka mbele ya kioo na kila nikiitamka inatoka kama tusi. Yule kijana alianza na samahani na akaangalia chini, na bado ilinichoma. Baba Watoto anasema nimuulize tu kwa nini anauza. Si sawa. Anaweza kunijibu anahama, kama tulivyosema redio iko kwa fundi.

Kitinda ameshalala. Mimi nasubiri simu ya Tukuyu. Yule mtamba wa Bibi, Baka, tulimpandisha mbegu kwa mrija tarehe 28 Septemba, kwa hesabu ya bwana mifugo alitakiwa kuzaa Jumanne hiyohiyo, leo siku ya tano. Ni uzao wake wa kwanza, mwenyewe mdogo wa kimo, na mbegu ni ya Friziani, ndama wake huwa wakubwa. Bibi alisema jana ameanza kulala upande mmoja na hali majani. Nimepiga tangu saa moja usiku, simu inaita haipokelewi. Sasa ni saa nne na nusu na haiiti tena.