Mada niliyoichagua: mtoto anayesikia nusu

Leo nimekabidhi mada ya memwari yangu, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, na msimamizi ameikubali. Nitachunguza namna mwalimu wa shule ya msingi ya kawaida, hapa Lubumbashi, Kongo, anavyoweza kumsaidia mtoto asiyesikia vizuri bila kumtoa darasani.

Mwanzo nilitaka kuandika juu ya elimu jumuishi kwa nchi nzima. Vya kunukuu vilikuwepo tele: Tamko la Salamanca la mwaka 1994, linalozitaka shule za kawaida zipokee watoto wote, na sheria yetu ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Msimamizi alisoma ukurasa wangu, akavua miwani. "Mwanangu, mwalimu wa mtaa wa Katuba akimaliza kusoma kazi yako, kesho yake asubuhi atafanya nini?"

Swali hilo ndilo lililochuja mada zangu zote. Dodoso la kuwauliza walimu wanavyowaona watoto wenye ulemavu likaanguka kwanza. Nani ataandika kwenye karatasi kwamba hawataki? Kuhesabu watoto wenye ulemavu shule kwa shule kuna faida yake, lakini mtoto anayesikia nusu hayumo kwenye orodha yoyote. Hana fimbo wala kiti cha magurudumu. Anaitwa mvivu, au mjeuri, basi.

Nilimwona mmoja nilipokuwa staji, yaani mazoezi ya kufundisha. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni huku anaongea, mgongo kwa watoto: "Fungueni daftari la hesabu." Wenzake wakafungua. Yule msichana alimtazama jirani yake kwanza, akaangalia rangi ya jalada, ndipo akatoa la kwake. Kila agizo lilikwenda hivyo. Mwalimu alipogeuka na kuongea akiwa amewaelekea, msichana alifungua bila kumtazama mtu. Naamini midomo ya mwalimu ndiyo aliyokuwa akiisoma.

Si kwamba yule mwalimu hajali. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa yamejaa, na sauti moja inapigana na kelele za watoto wanaobanana kwenye madawati. Mvua ikipiga bati, hata mwenye masikio mazima hasikii kitu. Halafu kuna Kifaransa. Mtoto anayetoka nyumbani na Kiswahili chake akinyamaza mbele ya swali la Kifaransa, utajuaje kama hakusikia au hakuelewa? Hapa ndipo nitakaa sana, kwa sababu makosa haya mawili yanafanana kwa nje lakini dawa zake ni tofauti. Kwa hiyo kila agizo nitakalolifuatilia litatolewa kwa lugha zote mbili.

Mpango wenyewe ni mdogo. Kwanza nitakaa nyuma ya darasa na kuandika nani anaanza kazi mara tu agizo linapotolewa na nani anasubiri kuchungulia kwa mwenzake. Kisha mimi na mwalimu tutabadilisha mambo machache: aache kuongea akiwa ameupa darasa mgongo, agizo liandikwe ubaoni kwa maneno mafupi, anayechungulia akae mbele mahali anapouona uso wa mwalimu. Baada ya hapo nitahesabu tena. Mabadiliko haya yatakuwa ya darasa zima, maana sitaki mtoto yeyote anyooshewe kidole kwa ajili ya memwari yangu. Shule moja haiwezi kusemea jimbo la Haut-Katanga, nami sitadai hivyo. Ninachokitaka ni kitu ambacho mwalimu mwenye chaki tu anaweza kukijaribu, bila kungoja mradi wala vifaa.

Wiki ijayo nitaonana na direkta, mkuu wa shule, kisha na wazazi. Barua yao nimeiandika kwa Kiswahili, na kwa asiyesoma nitaenda kumsomea nyumbani. Ndani yake nimeweka swali moja lisilo la ualimu: je, mtoto amewahi kutoka usaha masikioni? Maambukizi ya sikio yasipotibiwa huweza kupunguza usikivu, na wazazi wengi huona ule usaha ni jambo la utotoni litakaloisha lenyewe. Mzazi atakayejibu ndiyo, nitamwomba ampeleke mtoto kituo cha afya hata kabla utafiti haujaanza.